Nyimbo Tatu Zilipofunga Ndoa

Kuna mchezo ambao huucheza akilini kila niwapo safarini na dereva amefungua redio. Huziozesha nyimbo, kisha nikangoja kuona zitazaa mtoto wa namna gani. Wengi wa watoto hao ni vituko vitupu. Hebu, mpenzi msomaji, nikusimulie habari za mmoja wao.

Mzazi wa kwanza ni "Malaika", wimbo uliorekodiwa na Fadhili William na kuenezwa ulimwenguni na Miriam Makeba. Humo mna kijana apendaye lakini hana mali ya kuolea. Wa pili ni "Lunchtime" wa Gabriel Omolo, wa miaka ya 1970, unaowasawiri wafanyakazi wa Nairobi saa ya chakula cha mchana, wengine wakienda kula na wengine wakijilaza tu. Wa tatu ni "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms, wa mwaka 1982, unaowakaribisha wageni nchini Kenya.

Haya, tuzichanganye. Kijana wetu anafika Nairobi kutafuta mahari. Adhuhuri, wenye fedha wanaingia mikahawani. Yeye anajinyoosha nyasini, akihesabu mbuzi wa mahari hadi usingizi umchukue. Mara anazindushwa na bendi nzima, magitaa mikononi, inayomjulia hali, inayomkaribisha katika nchi yake mwenyewe na kumhakikishia kwamba huku shida hazipo. Anafumbua jicho moja, anauliza: "Basi mtanichangia mbuzi wangapi?" Bendi inamtazama viatu, inang'amua kuwa si mtalii, inakwenda zake.

Nilicheka peke yangu hadi abiria wa kando akanitazama kwa mashaka. Kisha kicheko kikanikwama kooni. Nyimbo hizi nimezisikia tangu nikivaa kaptura, na kila mmoja ulinifurahisha kivyake. Zilipokutana ndipo nilipozisikia zikijibizana. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Naam, mgeni kaja. Huyu aliyelala nyasini atapona lini?

Walimu wenzangu wa fasihi, sisi huwafundisha wanafunzi kuorodhesha dhamira za kila wimbo peke yake. Hebu wapeni nyimbo mbili wazipendazo, wawakutanishe wahusika wake, kisha waseme nani anazungumza na nani, na nani hasikilizwi. Kwanza watacheka. Maswali mazito watayaleta wenyewe.