Tafuta wakili wako mwenyewe kabla ya kulipia kiwanja

KATIKA ununuzi wa ardhi nchini Kenya, wakili aghalabu huwa mtu wa mwisho kutafutwa. Mnunuzi hupelekwa na dalali, huonyeshwa vigingi, hulipa arbuni, kisha ndipo huuliza ni nani atakayemwandikia mkataba. Kufikia hapo wakili hana tena nafasi ya kumkinga. Hubaki kujaribu kumnasua.

Hatari ya utaratibu huo ilidhihirika Aprili 21, 2023, Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni hiyo ilikuwa na hatimiliki ya kiwanja kilichoko ufuoni Nyali, ambacho ilikinunua kutoka kwa mmiliki mwingine. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta wake ili kufungua njia ya umma ya kwenda baharini.

Majaji walirudi nyuma hadi mwaka 1989, ardhi hiyo ilipotolewa kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Waliamua kwamba lilikuwa eneo la wazi la umma na kwamba halikutolewa kwa kufuata sheria. Kwa hivyo, hati iliyotokana na ugawaji ule haikuweza kumlinda mnunuzi wa baadaye, hata akijitetea kwamba alinunua kwa nia njema.

Kwa mwananchi anayekusanya akiba yake ya miaka ili apate kiwanja, maana yake ni nzito: hatimiliki peke yake haitoshi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 huichukulia hati kuwa ushahidi wa umiliki, lakini kifungu cha 26 kinaruhusu hati hiyo kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa njia ya ufisadi.

Basi unapozungumza na wakili kwa mara ya kwanza, muulize atachunguza historia ya ardhi hiyo hadi wapi. Anayejibu kwamba atafanya upekuzi katika rejista na kuishia hapo, mshukuru uende kwingine. Upekuzi rasmi, ambao Nairobi hufanywa kupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021, huonyesha jina la mmiliki wa sasa na iwapo kuna rehani au zuio lililowekwa. Hauelezi ardhi ilitoka wapi.

Wakili mwangalifu huitisha nakala ya rejista nzima ya kipande hicho tangu kilipofunguliwa, barua ya ugawaji ikiwa ardhi ilikuwa ya serikali, na ramani ya upimaji. Hukutaka pia utume mpimaji aliyesajiliwa athibitishe kwamba vigingi ulivyoonyeshwa ndivyo vya nambari iliyo kwenye hati. Si jambo geni mtu kuonyeshwa kiwanja kizuri kando ya barabara, kisha hati ikawa ya kingine kilicho bondeni.

Huuliza pia maswali yanayoweza kumwudhi muuzaji. Je, ana mke au mume? Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inazuia mmoja wao kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Je, ardhi ilikuwa ya marehemu? Chini ya Sheria ya Urithi, warithi hawawezi kuiuza kabla ya mahakama kuthibitisha barua za usimamizi wa mirathi. Wazee wa ukoo wanaweza kukubaliana kwa kikao na chai, lakini makubaliano yao hayachukui nafasi ya amri hiyo.

Lakini huyo wakili ni wa nani? Kampuni nyingi za kuuza viwanja humwambia mteja asijisumbue, kwa kuwa wakili wao atashughulikia kila kitu. Mteja hufurahi kwamba ameokoa ada. Wakili huyo hulipwa na kutumwa na muuzaji. Siku hati itakapochelewa au dosari itakapoonekana, hatazamiwi kumshtaki anayemwajiri. Hata pale muuzaji ni jirani au jamaa, ni heri kila upande uwe na wakili wake.

Kuthibitisha kwamba mtu ni wakili hakuchukui muda. Chama cha Mawakili nchini, LSK, kina sehemu katika tovuti yake ya kutafuta mawakili kwa majina, nayo huonyesha iwapo ana cheti cha kuhudumu cha mwaka huo. Cheti hutolewa upya kila mwaka, hivyo sifa za mwaka jana si hoja. Sheria ya Mawakili inamkataza asiye na sifa hizo kuandaa hati za uhamisho wa ardhi kwa malipo. Mkataba ulionunuliwa kwenye duka la kupiga chapa, au ulioandikwa na dalali, ni rahisi siku ya kuuandika tu.

Kuhusu ada, viwango vimewekwa na agizo la malipo ya mawakili la mwaka 2014 kulingana na bei ya mali, na juu yake kuna kodi ya VAT ya asilimia 16. Wakili haruhusiwi kutoza chini ya viwango hivyo, kwa hivyo anayejinadi kwa bei ya kutupa ana la kueleza. Itisha makadirio kwa maandishi, yakitenganisha ada yake na gharama nyingine kama ushuru wa stempu, ambao hulipwa na mnunuzi: asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mijini na asilimia 2 kwa ya mashambani.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni mwendo wa fedha. Tangu mwaka 2003 sheria inataka mkataba wa mauzo ya ardhi uwe wa maandishi, uwe na saini za pande zote na ushuhudiwe. Ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha kwamba fedha zimetumwa haugeuki kuwa mkataba. Kwa desturi mnunuzi hulipa arbuni ya asilimia 10, na salio hulipwa uhamisho unapokamilika, mara nyingi ndani ya siku 90.

Arbuni hiyo ishikwe na wakili wa muuzaji katika akaunti ya wateja, kwa sharti lililoandikwa kwamba haitatolewa hadi uhamisho ukamilike. Wauzaji wengi hutaka waitumie mara moja. Ukikubali, na mauzo yakavunjika, utakuwa unamdai mtu ambaye huenda fedha ameshazila.

Salio nalo hulindwa na ahadi ya kitaaluma ambayo mawakili hupeana kwa barua: mmoja hukabidhi hati zilizotiwa saini, mwingine huahidi kulipa baada ya usajili. Ahadi hiyo ina uzito usio wa kawaida. Wakili akiivunja, Mahakama Kuu inaweza kumwamuru aitimize, hata kwa fedha zake mwenyewe. Usikubali kutuma salio moja kwa moja kwa muuzaji, na nambari ya akaunti ikibadilishwa ghafla kwa barua pepe, piga simu ofisini uulize kabla ya kulipa.

Kwa ardhi ya kilimo, mhimize wakili aombe idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi mapema. Ombi linafaa kuwasilishwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba kutiwa saini. Idhini isipopatikana, sheria hiyo inauhesabu mkataba kuwa batili, na inachompa mnunuzi ni haki ya kudai fedha zake, wala si shamba.

Mteja naye ana wajibu. Wakili hawezi kukulinda dhidi ya jambo ulilomficha, kama vile fedha ulizolipa kando au bei ndogo mliyokubaliana kuandika ili kukwepa ushuru. Jibu barua zake kwa wakati, na usajili ukikamilika omba upekuzi mpya wenye jina lako pamoja na nakala ya jalada lote.

Ikiwa wakili amenyamaza na fedha zako amezishika, malalamishi hupelekwa kwa Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, ambayo inaweza kumfikisha mbele ya jopo la nidhamu. Kabla ya kufika huko, mwandikie barua ukitaja tarehe uliyolipa, hati unazodai na siku unazompa kujibu, kisha uhifadhi nakala iliyogongwa muhuri wa ofisi yake kuonyesha kwamba imepokelewa.