Daftari la Mashine ya Kusaga

Sogeeni huku, wajukuu zangu, moshi usiwaumize macho. Juzi niliwatuma mashineni na debe la uwele, mkarudi nalo vilevile: "Bibi, mashine imekufa." Hapa Chang'ombe, Dodoma, hakuna asiyelijua neno hilo. Basi leo nawapa kisa. Nimekitunga mwenyewe, ila vyuma vyake ni vya kweli.

Mwenye mashine alimwambia kijana wake: kila asubuhi tia grisi. Kijana akatia! Mwezi ukaisha kwa makopo matatu matupu, tajiri akayatazama akasema, "Sasa tunaitunza." Kumbe beringi iliyoshindiliwa grisi kupita kiasi huikoroga tu badala ya kuteleza, ikachemka. Beringi ikaungua, mashine ikalala siku tatu.

Fundi mzee alipoitwa hakuanza na spana. Aliomba daftari. "Makopo yanaonyesha ulichotia," alisema. "Mimi nataka ulichopata."

Wakaandika siku moja. Mashine ilitakiwa saa 10, ikasimama 2: imefanya kazi 8, yaani 0.8. Kwa saa 8 ingeweza kusaga kilo 1,600, ikasaga 1,200, maana mkanda ulilegea: 0.75. Katika hizo 1,200, kilo 120 zilitoka na chenga kwa kuwa chekeche limetoboka, zikarudiwa: 0.9. Zidisheni zote tatu. Mnapata 0.54! Karibu nusu ya mashine inalala mchana kweupe, na umeme unalipiwa.

Hesabu hii ilienezwa na Mjapani Seiichi Nakajima. Kwake, kiwanda bora kabisa hufika kama 0.85. Mwaka 1971 kampuni ya Nippondenso, watengenezaji wa vipuri vya magari, ilipata tuzo huko Japani kwa utaratibu ambao mwendesha mashine anaifuta, anaikagua na kuikaza mwenyewe bila kumngoja fundi. Ndivyo kijana wetu alivyofanya: robo saa kila asubuhi, anapangusa vumbi la unga kwenye mota, anabonyeza mkanda, anatia grisi kidogo kwa kipimo.

Mwezi Julai tajiri akarukaruka: "Kilo zimeongezeka kuliko Februari!" Fundi akacheka. Februari mazao yalikuwa bado shambani. Julai kila nyumba ina gunia. Hata mashine mbovu husaga zaidi wakati wa mavuno. Akataka wapime saa ambazo wateja walikuwepo tu, na ile robo saa ya asubuhi ihesabiwe kuwa ni kusimama.

Kwenye daftari, safu ya kwanza, ya saa, ikasoma 0.95, ya pili, ya kilo, 0.9. Ya tatu? Ileile 0.9.

Tajiri akainamia daftari, akasugua macho. Fundi hakusema kitu, alinyoosha kidole tu kwenye chekeche lililoshonwa kwa waya. Tajiri akapapasa mfuko.