Nyari: Hadithi ya maziwa inayoweza kumnufaisha mkulima

WENYEJI wa Marafa, kaskazini-magharibi mwa Malindi katika Kaunti ya Kilifi, husimulia kwamba hapo kale paliishi familia tajiri yenye ng'ombe wengi ajabu. Maziwa yalizidi hadi watu wakawa wanayaoga. Mungu akaghadhabishwa na israfu hiyo, ardhi ikapasuka na kuwameza pamoja na boma lao. Weupe unaoonekana kwenye kuta za bonde hilo, wasema wazee, ni maziwa. Wekundu ni damu.

Wataalamu wa miamba wana maelezo yao: mvua na upepo vilikila kilima cha mchanga mgumu kwa miaka mingi mno. Hata hivyo, mtalii haachi ufuo wa bahari na kusafiri takriban kilomita 30 ili kutazama mmomonyoko wa udongo. Huvutwa na hadithi ya Nyari, kama wenyeji wanavyopaita mahali hapo. Kwa hivyo hadithi ni mali. Swali ni nani anayevuna faida yake.

Magari ya wageni hufika Marafa hasa alasiri, kwa kuwa adhuhuri bonde huwa na joto kali na rangi za kuta hupendeza zaidi jua likikaribia kutua. Mgeni hulipa kiingilio, humlipa mwongozaji, husikiliza kisa, hupiga picha na kurudi alikotoka jioni hiyo hiyo. Asipokuta dafu, embe, nanasi lililokatwa vizuri au korosho za kukaanga, pesa zilizosalia mfukoni hurudi naye hotelini. Mkulima aliye kando ya barabara huambulia vumbi tu.

Vipepeo badala ya shoka

Mfano wa kuigwa haupo mbali. Kilomita 15 hivi kusini mwa Malindi kuna magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliostawi katika karne ya 15 na kuhamwa karne ya 17. Mnamo 2024, UNESCO iliuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia. Huko nako kuna hadithi: roho za wazee wa kale hulinda magofu, na anayeyaharibu hupatwa na laana.

Ndani ya eneo hilo la magofu kuna mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa 1993. Wakati huo wakulima wengi waliopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi, waliuona kama adui. Ndovu na nyani walitoka humo na kuvamia mimea, na wengi walitamani ukatwe wapate mashamba.

Mradi uliwapa sababu ya kuutunza. Mkulima hunasa vipepeo wa kike msituni na kuwaweka katika kizimba cha wavu ili watage. Viwavi hulishwa majani wanayoyapenda hadi wajifunge kuwa pupa. Pupa hao hununuliwa na mradi, kisha husafirishwa kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Mgeni anayetembelea magofu huweza pia kutazama vipepeo na kununua asali papo hapo. Msitu ukikatwa, biashara hiyo inakufa.

Kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu, ada za wageni wanaopita daraja la kamba juu ya mikoko zimesaidia kulipa karo ya wanafunzi wa sekondari kutoka jamii zinazouzunguka msitu. Hapo mzazi haulizi faida ya utalii ni nini.

Kalenda mbili

Anayetaka kuuzia wageni hana budi kulinganisha kalenda ya shamba na ya hoteli. Wageni huwa wengi kuanzia Desemba hadi Machi, na tena Julai na Agosti. Mvua ya masika inapopamba moto, Mei hasa, baadhi ya hoteli hufungwa. Nyanya huchukua miezi miwili na nusu hadi mitatu tangu kuhamishwa kitaluni. Anayelenga Krismasi ahamishe miche kufikia katikati ya Septemba, na awe na maji ya kunyunyizia endapo mvua za vuli zitachelewa.

Aidha, jikoni mwa hoteli huhitaji kiasi kilekile kila wiki, mazao safi na risiti. Mkulima wa robo ekari ni vigumu kutimiza hayo peke yake. Kikundi cha wakulima kumi wanaopanda kwa zamu kinaweza.

Ni muhimu pia kukumbuka kwamba mtalii si soko la kutegemewa pekee. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifukuza wageni Pwani. Mnamo 2020, ndege za abiria za kimataifa zilisitishwa nchini Kenya kuanzia Machi hadi Agosti kwa sababu ya Covid-19, na pupa hangoji: siku zake zikifika, hupasuka akawa kipepeo, awe amepata mnunuzi au la.

Kwa sababu hiyo, mkulima apande kwanza kile ambacho soko la Malindi litanunua hata hoteli zikifungwa. Nyanya zinauzika popote. Wageni wakija, wawe faida ya ziada. Wasipokuja, watoto wasilale njaa.