Tarbushi Kuukuu na Njia Zilizoifikisha Songwe

Tarbushi ni kofia ya sufu iliyosimama wima, nyembamba kidogo juu kuliko chini, isiyo na ukingo wa kukinga jua, na mara nyingi yenye shada la nyuzi linaloning'inia kutoka katikati ya utosi wake. Watu wengi wa Afrika Mashariki huihusisha na pwani, yaani na masheikh, na Wangazija, na picha za zamani za wapiga taarabu wa Unguja, na kwa sababu hiyo wakusanyaji wa vitu vya kale huanza kuitafuta Zanzibar, Lamu na Mombasa. Hata hivyo, kofia hii iliingia bara pia kwa njia ya jeshi, na njia hiyo ilipita katika nyanda za kusini magharibi mwa Tanzania, kwenye ardhi ambayo leo ni Mkoa wa Songwe. Kata ya Mbebe, iliyoko Wilaya ya Ileje, imo katika kona ambako Tanzania inapakana na Malawi na Zambia, na kona hiyo, ambayo zamani ilikuwa mpaka kati ya himaya mbili, iliona askari wa majeshi kadhaa waliovaa tarbushi za namna tofauti. Kwa hiyo tarbushi kuukuu inayotolewa kwenye sanduku la bati katika maeneo haya haiwezi kudhaniwa moja kwa moja kuwa ni ya Mwarabu wala ya shehe, bali inapaswa kuchunguzwa.

Uchunguzi huo huanzia mbali sana na Songwe. Kofia nyekundu za sufu zilitengenezwa kwa karne nyingi katika miji ya Afrika Kaskazini, hasa Fes nchini Moroko, mji ambao mataifa mengi yameipa kofia hii jina lake, na Tunis, ambako ufundi huo ulistawi zaidi kwa mikono ya Waislamu waliofukuzwa Uhispania kuanzia mwaka 1609. Kilichoifanya kofia hiyo kuwa sare ya dola ni uamuzi wa Sultani Mahmud II wa Uturuki, ambaye mwaka 1826 alilivunja jeshi la kale la Majanisari na kuunda jeshi jipya, akalivisha tarbushi, kisha mwaka 1829 akawaamuru na watumishi wa serikali waivae badala ya kilemba. Misri nayo ikafuata mkondo huo, na mahitaji yakawa makubwa kiasi kwamba viwanda vya Ulaya viliingia sokoni, mashuhuri kati yake vikiwa vile vya Strakonice katika Bohemia, eneo ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Austria na leo limo katika Jamhuri ya Cheki. Mkusanyaji asishangae, basi, anapokuta tarbushi yenye maandishi ya Kiarabu ndani yake ambayo haikutengenezwa katika nchi yoyote ya Kiarabu. Wafanyabiashara wa Austria walijua wateja wao wanapenda kusoma nini. Waturuki wenyewe waliitambua hali hiyo vizuri, kwani Austria ilipoitwaa Bosnia mwaka 1908 walisusia tarbushi za Austria kama silaha ya kisiasa, na mwaka 1925 serikali ya Mustafa Kemal ikapiga marufuku kofia hiyo kabisa.

Namna tarbushi inavyotengenezwa ndiyo ufunguo wa kuitambua. Tarbushi halisi haikatwi kutoka kwenye kitambaa wala haina mshono. Hufumwa kwa uzi wa sufu ikiwa kubwa kama mfuko, kisha huloweshwa kwa maji ya moto na sabuni na kukandwa mpaka nyuzi zishikane na kofia inywee, halafu hukwanguliwa ili manyoya yasimame, hutiwa rangi, na mwisho huvishwa kwenye kalibu ya chuma na kupigwa pasi ya mvuke hadi ikauke ikiwa na umbo lake. Anayeishika kofia ya namna hiyo na kuiinamisha mwangani huona uso laini wenye manyoya mafupi yaliyolala upande mmoja, na akipitisha kidole pembeni kuanzia chini hadi juu hakuti mahali palipounganishwa. Kofia nyingi za kisasa zinazouzwa kwa watalii ni kadibodi iliyofunikwa mahameli, na mshono wake hujitokeza upande wa nyuma. Ndani ya tarbushi nzuri ya Misri au ya Uturuki mara nyingi kuna bitana ngumu ya majani yaliyosukwa, inayoizuia isibonyee na kuruhusu hewa kupita kichwani, na chini yake ukanda wa ngozi wa kunyonya jasho. Ukanda huo ndio sehemu inayopaswa kutazamwa kwa makini kuliko zote, kwa sababu chapa ya kiwanda, ukubwa wa kichwa, na pengine jina la mvaaji lililoandikwa kwa kalamu, hujificha nyuma yake.

Upande wa jeshi, habari za tarbushi katika Tanganyika huanza mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipotumwa na Ujerumani kuzima vita vya Bushiri bin Salim. Wissmann aliajiri mjini Cairo mamia ya Wasudani waliokuwa wamelitumikia jeshi la Misri, ambalo tarbushi ilikuwa sehemu ya sare yake, na jeshi alilolianzisha likageuzwa mwaka 1891 kuwa jeshi rasmi la koloni, Schutztruppe. Kofia ya kazi ya askari wa jeshi hilo haikuwa nyekundu kama wengi wanavyodhani, bali ilikuwa kiunzi chepesi kilichosukwa na kufunikwa kitambaa cha kaki, chenye pazia nyuma la kukinga shingo na beji ya tai wa Kijerumani mbele. Upande wa Waingereza, vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda viliunganishwa tarehe 1 Januari 1902 kuwa King's African Rifles, ambayo wananchi waliizoea kwa jina la KAR, na askari wake nao walivaa tarbushi, kwa kawaida ndefu na iliyonyooka zaidi kuliko ya Misri, yenye nambari au herufi za kikosi mbele.

Majeshi haya mawili yalikutana Songwe katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwezi Mei 1916 Jenerali Edward Northey wa Uingereza alivuka mpaka kuingia koloni la Wajerumani kwa safu nne zilizoanzia Karonga, Fort Hill (Chitipa ya leo), Fife na Abercorn (Mbala ya leo), maana yake nchi yote iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ilipitiwa na askari pamoja na maelfu ya wapagazi walioitwa tenga-tenga, ambao hawakupewa kofia wala heshima ya kutajwa majina. Wabelgiji pia walikuwa wamefika Abercorn mwaka 1914 kuwasaidia Waingereza, na jeshi lao la Kongo lilijulikana kabla ya vita kwa sare ya buluu na tarbushi nyekundu. Vita vilirudi tena katika kona hii mwanzoni mwa Novemba 1918, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, alipoishambulia Fife, karibu na Nakonde ya leo, akiwa njiani kuelekea kusini, na alisalimisha jeshi lake Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Tena kuna jambo linalozidi kuutatiza uchunguzi: Kikosi cha Sita cha KAR kiliundwa upya mwaka 1917 kwa kuwachukua askari waliokuwa wa Wajerumani, hivyo mtu mmoja angeweza kuzivaa kofia za serikali mbili katika vita vilevile.

Kwa tarbushi ya jeshi la Uingereza, alama inayotafutwa ni mshale mpana wa mistari mitatu, uliokuwa chapa ya mali ya serikali, ambao mara nyingi huandamana na mwaka wa kutengenezwa. Pale ambapo beji imeng'olewa, matundu mawili na kivuli cha sufu isiyopauka huonyesha umbo lake. Hiyo ni hati tosha kwa anayejua kuisoma, na kuyaziba matundu hayo ili kofia ipendeze ni uharibifu mtupu.

Zipo tarbushi za eneo hili ambazo hazikutoka vitani. Watumishi wa nyumba za Wazungu na wahudumu wa hoteli na treni za kikoloni walivishwa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu na tarbushi, na polisi wa Tanganyika nao walikuwa na zao. Kadhalika mji wa mpakani wa Tunduma ni lango la mitumba, na ndani ya marobota huweza kutokea tarbushi nyekundu iliyodariziwa upanga, mwezi mwandamo na jina la mji wa Kiarabu kwa mawe yanayong'aa. Kofia hiyo, kwa wingi wa mapambo yake, huwavutia wanunuzi waidhani ni ya sultani, ilhali ni ya Shriners, chama cha Marekani chenye uhusiano na Wamasoni kilichoanza New York katika miaka ya 1870, ambacho wanachama wake huivaa katika maandamano na kazi za kuchangia hospitali za watoto. Ina historia yake, na inastahili kuhifadhiwa, lakini si historia ya Afrika Mashariki.

Hata chapa ikisomeka, huonyesha kiwanda tu, haionyeshi kichwa kilichoivaa. Hilo hujulikana kwa kuulizia katika familia, na hapa ndipo wakusanyaji wengi hukosea, kwani hununua kofia kwa haraka kutoka kwa mchuuzi, naye hulificha jina la nyumba alikoitoa ili asipoteze soko. Bunge la Ujerumani Magharibi lilipoidhinisha malipo kwa askari wa zamani wa Schutztruppe mwaka 1964, ni wachache waliokuwa bado na vyeti vyao, na inasimuliwa kwamba baadhi walikuja na vipande vya sare kuukuu, ndipo ofisa aliyehusika akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani aushike kama bunduki, wala hakuna aliyekuwa amezisahau amri hizo. Kipande cha nguo peke yake hakikutosha hata wakati mvaaji alipokuwa hai. Leo wajukuu ndio wanaokumbuka babu alitumwa wapi, na kwa Wandali na Walambya wa Ileje, ambao jamaa zao wamo pande zote za Mto Songwe, swali hilo linapaswa kuulizwa Malawi pia.

Anayepata tarbushi asiifue, kwa kuwa rangi huchuja na bitana hulegea. Aipige picha ndani na nje, aipanguse vumbi kwa brashi laini, aijaze karatasi nyeupe ili isibonyee, na aitenge na nguo nyingine, maana nondo, mdudu ambaye viwavi wake hula sufu, huhama kwa urahisi. Kwenye kadi itakayokaa na kofia yaandikwe jina la msimulizi, kijiji, tarehe ya mahojiano na maneno yake kama alivyoyasema, na nakala ipelekwe Makumbusho ya Taifa. Majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, huweza kupitiwa pale ambapo jina la askari au boma alilolitumikia linajulikana. Mgeni anayetaka kuvuka mpaka na kitu cha namna hiyo aulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inadhibiti usafirishaji nje wa vitu vya kale na vya kiutamaduni, na kofia iliyovuka bila kadi yake haina tena wa kuitambua.