Kamera Isiyo na Kioo: Soko Ni Lake?

Wapiga picha za arusi hapa Mombasa wana ubishi mmoja siku hizi: mtu aiuze kamera yake ya kioo anunue isiyo na kioo, au aishikilie? Ni suala la riziki, si la fahari. Mimi naona tunachanganya masoko mawili.

Kamera ya kioo hurusha nuru juu hadi jichoni mwa mpigaji. Akibonyeza, kioo huruka, na hapo ndipo usikiapo ule mlio. Kamera mpya zimekitoa kioo hicho. Nuru yaenda moja kwa moja kwenye kihisi, naye mpigaji hutazama skrini ndogo iliyomo ndani ya tundu.

Panasonic walitoa G1 mwaka 2008. Canon na Nikon waliingia kwa kusitasita, na ilipofika 2018 ndipo walipoleta zao za kihisi kikubwa, miaka mitano nyuma ya Sony. Mwaka 2020 shehena za zisizo na kioo kutoka kwa makampuni ya Kijapani zikazipita za kioo. Pentax mwaka huohuo wakatangaza kwamba wao watabaki na kioo. Viwandani, basi, shauri limekwisha.

Lakini wengi wetu hununua mkono wa pili, na huko matajiri wanapobadilisha, kamera nzuri za kioo hushuka bei. Tena zina betri! Nikon D850 ya 2017 imepimwa picha 1,840 kwa chaji moja. Z7 ya 2018, picha 330 tu. Kazini hupata zaidi ya hizo, ni kweli, lakini arusi zetu mwazijua urefu wake.

Nisichoweza kukikana ni ukimya. Msikitini, walii na bwana arusi wameshikana mikono, mlio wa kioo hugeuza vichwa; isiyo na kioo yaweza kupiga bila kusikika kabisa. (Ila chini ya taa za tyubu, ukimya huo huweza kuchora mistari pichani. Jaribu kabla ya siku yenyewe.)

Mwenye lenzi za Nikon za zamani huzivalisha kipete cha FTZ, lakini za AF-D atazilenga kwa mkono.

Anayeanza na mtaji mdogo namshauri anunue ya kioo iliyotumika, pesa nyingi azitie kwenye lenzi. Na lenzi hiyo aimulike tochi kabla ya kulipa, maana kwa unyevu wetu huu wa pwani, nyingi zimeota kuvu ndani.