Hoteli ya Castle: Mkongwe wa Barabara ya Kilindini

MSAFIRI atokaye bandari ya Kilindini kuelekea katikati ya kisiwa cha Mombasa hupita chini ya zile pembe kubwa za ndovu za Moi Avenue. Mbele kidogo, atakuta jengo jeupe lenye matao. Hiyo ndiyo Hoteli ya Castle, iliyojengwa mwaka wa 1909, barabara hiyo ilipokuwa ikiitwa Kilindini Road.

Kwa nini ilijengwa hapo na si Mji wa Kale? Kwa karne nyingi Mombasa ilielekeza uso wake kwenye bandari ya majahazi. Reli ilipoanza kujengwa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901, meli kubwa zilihitaji maji marefu, na jina lenyewe la Kilindini latokana na kilindi. Barabara iliyounganisha bandari hizo mbili ikawa uti wa mgongo wa mji mpya. Kabla ya magari kuenea, wageni walisukumwa na vijana kwa vigari vilivyopita juu ya reli nyembamba.

Gati za kwanza za maji marefu zilikamilika mwaka wa 1926. Kabla ya hapo, abiria waliletwa pwani kwa mashua, kisha wakangoja garimoshi la bara. Kungoja huko ndiko kulikozilisha hoteli za mji.

Hazikuwa za kila mtu, hata hivyo. Enzi za ukoloni, Mwafrika aliingia katika hoteli za namna hiyo kwa mlango wa nyuma, akiwa mpishi, dobi au mtumishi wa mezani. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1963, baraza la Castle lilikuwa makutano mashuhuri ya mabaharia, watalii na wenyeji.

Ndege zilipochukua nafasi ya meli za abiria, watalii walipelekwa moja kwa moja hoteli za ufuoni. Ghasia za Likoni za mwaka wa 1997 zikazidisha uchungu. Castle ilikarabatiwa miaka ya 2000 na kujulikana kama Castle Royal.

Ngome ya Yesu iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2011, na wageni hulipa kiingilio ili kuitazama tu. Hoteli kongwe haina bahati hiyo: lazima vitanda vijae. Na tangu mwaka wa 2017, abiria wa reli mpya hushukia Miritini, nje ya kisiwa.