Viongozi wa Dini Walitetea Mali ya Taifa

Ndugu wasomaji wa Ilomba, jirani zetu wa Chunya wanachimba dhahabu. Je, taifa linapata nini?

Kwa sheria ya mwaka 1998, katika kila shilingi 100 za dhahabu, makampuni yalilipa mrabaha wa shilingi 3 tu.

Mwaka 2008 Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ambayo Walutheri ni wanachama wake, iliungana na Wakatoliki na BAKWATA. Walitoa taarifa. Walitaka taifa lipate haki yake.

Mwaka 2010 Bunge lilitunga sheria mpya. Mrabaha ukawa shilingi 4. Mwaka 2017 ukawa 6.

Ndugu msomaji, sasa unajua kuandika. Ukiona haki inapotea, mwandikie mbunge wako.